Jina la Mwangwi

Hadithi hii aliyeisimulia kwanza ni Mama Chausiku, mke wa aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya Nyuzi Jazz. Aliisimulia mwaka 2018, siku ya kuchambua mchele wa harusi ya mjukuu wake, wanawake wameketi na nyungo zao na hakuna mwenye haraka. Walioisimulia baada yake waliongeza mambo. Hapa imewekwa kama alivyoitoa yeye, na pale ambapo wahusika wenyewe walimsahihisha, imesahihishwa.

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, bali zamani hii ya juzi ambayo wengi wetu tuliisikia kwa masikio yetu, kulikuwa na tangi la zege katika shamba la mkonge lililofungwa, ng'ambo ya reli, upande wa Muheza. Lilichimbwa ardhini kuhifadhi maji ya kuoshea katani. Shamba lilipofungwa mashine ziling'olewa, maji yakakauka, likabaki shimo refu lenye nguzo ndani, mfuniko wa chuma juu, na ngazi ya kushukia.

Karibu na tangi hilo walikaa ndugu watatu. Mkubwa alikuwa Mwanamkuu, mwimbaji wa Nyuzi Jazz. Wa kati alikuwa Mhina, fundi wa redio, ambaye bendi ilimpa kazi ya kurekodi. Mdogo alikuwa Somoe, na yeye hakuimba wala hakushika waya.

Nyuzi Jazz walikuwa na nyimbo nzuri na sauti mbaya. Katika nyimbo zilizotoka mjini, sauti ya mwimbaji ilikuwa na mkia, ilipita kwanza ndipo ikaisha. Ya kwao ilikatika papo hapo kama kijiti kikavu. Studio za mjini zilikuwa na mitambo ya kutengeneza mkia huo. Mhina hakuwa na mtambo. Alikuwa na tangi.

Akateremsha spika mwisho mmoja wa tangi na maikrofoni mwisho wa pili. Mwanamkuu akaimba chumbani juu, sauti yake ikashuka kwa waya hadi kwenye spika, ikazunguka tangini, maikrofoni ikaidaka na kuirudisha juu. Mara ya kwanza ilirudi kama ya mtu anayezama. Mhina akasogeza maikrofoni. Ikarudi kama ya mtu aliye kwenye pipa. Akasogeza tena. Alisogeza masika nzima, hadi siku alipoiweka nyuma ya nguzo ya mwisho, ikitazama ukuta badala ya spika, na sauti ya dada yake ikarudi ina mkia mrefu, laini, usiokanyaga neno linalofuata. Alikaa kitako pale pale. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakufurahi hadi kesho yake.

Lakini tangi lilikuwa na wenyewe. Vyura.

Bendi nzima ingeimba vizuri hadi ubeti wa mwisho, na chura mmoja akajibu. Wakamwaga chokaa, vyura wakarudi. Wakafukiza, wakarudi. Mama Chausiku alisema waliwabeba kwa ndoo hadi mtoni. Somoe anasema hakuna aliyefanya hivyo, mto uko mbali. Mwishowe ikaonekana kwamba vyura hawanyamazi kwa kufukuzwa. Hunyamaza wakijua kuna mtu. Basi akatafutwa mtu wa kukaa humo, atulie, asikohoe, hadi wimbo uishe.

Akashushwa mpiga besi, akakohoa. Akashushwa mpiga ngoma, vidole vikashindwa kukaa. Mwanamkuu alikuwa wa kuimba. Mhina alikuwa wa mitambo. Akabaki Somoe.

Kazi ya Somoe ilikuwa kuwapo. Kabla ya kurekodi aliteka maji yaliyojipenyeza, akafagia, akakausha sakafu kwa majivu. Kisha alikunja magunia ya katani, akaketi juu yake katikati ya tangi, akajifunika blanketi kwa sababu humo kuna baridi hata Januari, na mfuniko ukafungwa. Sauti ya kaka yake ilimfikia kupitia spika: "Somoe, upo?" Naye husema, "Nipo." Ndipo wimbo huanza.

Wimbo wa harusi, Somoe alikaa. Wimbo wa msiba, Somoe alikaa. Wimbo wa kumsifu mchezaji mpira, ambao haukustahili hata waya wake, Somoe alikaa. Kwenye majalada ya santuri yakaandikwa majina: mwimbaji, wapiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma, fundi mitambo Mhina Singano. La Somoe halikuandikwa. Watu walipomuuliza Mama Chausiku kama Somoe alikasirika, alisema hapana, Somoe alichoka, na hilo ni jambo jingine.

Miaka ikaenda. Mashine ya kanda ikafa, Mhina akaifufua. Ikafa tena, akaifufua kwa vipuri vya mashine nyingine. Ikafa, na safari hii hapakuwa na mashine nyingine. Mixa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, ikaungua umeme uliporudi kwa kishindo. Wapigaji wakatawanyika, mmoja kwa mwanawe, mmoja shambani, wawili makaburini. Kisha Mwanamkuu akafariki. Baada ya hapo hakuna aliyerekodi chochote, lakini kila mvua zilipokatika Mhina alimwambia dada yake, "Somoe, lile tangi. Huenda wakaja watu." Naye Somoe alishuka, akateka maji, akafagia, akamwaga majivu. Hawakuja watu. Magoti yake yakaanza kusema aliposhuka, kisha yakaanza kusema hata alipopanda.

Mwanamkuu aliacha binti, Ramla, naye alirekodi muziki Dar es Salaam. Studio yake ilikuwa chumba cha kulala chenye magodoro ukutani. Hakuwa na mixa wala mashine ya kanda. Vyote vilikuwa ndani ya kompyuta, kila kimoja ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa. Wenyewe huziita plagini. Siku moja alipokuja kuwasalimu alimwonyesha mjomba wake. Kwenye kioo Mhina akaona picha ya mashine ya kanda, ya aina ile ile iliyomfia, magurudumu yanazunguka.

"Magurudumu haya yanafanya kazi gani?" Mhina akauliza.

"Hayafanyi kazi, mjomba. Ni ya kupendeza macho. Ila mvumo wa kanda umo. Ukitaka unauongeza kwa kitufe hiki."

Mhina akamtazama. "Mimi nimezeeka nikiuondoa huo mvumo. Ninyi mnaurudisha kwa kitufe."

"Watu wanaupenda. Wanasema una joto."

"Joto lilikuwa la ile mashine kutaka kuungua," akasema Mhina, na Ramla akacheka hadi akafunga kompyuta.

Wakati huo kamati ya maji ya kijiji ilikuwa inalitaka tangi. Wanawake walifuata maji mbali, Somoe mmoja wao, na tangi zima lilikaa kavu likingoja wimbo. Mhina alikataa mara nyingi. Ramla akamwambia kuna njia: sauti ya tangi inaweza kuchukuliwa, ikawekwa ndani ya kompyuta, kisha tangi likapewa maji.

"Unachukuaje sauti ya shimo?" Somoe akauliza. Alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Ninapiga mlio mmoja humo ndani, mama mdogo. Unaanza chini kama ngoma kubwa, unapanda polepole hadi unakuwa wa mbu. Tangi linaujibu. Kompyuta inasikiliza lile jibu, inajua tangi lilivyo. Baada ya hapo, mtu yeyote akiimba popote, inampa jibu lile lile."

"Hata mtu wa Ulaya?"

"Hata wa Ulaya."

"Ataingia tangini kwetu bila kuvua viatu," akasema Somoe. Mhina akatazama chini, kisha akasema haya, lichukuliwe.

Ramla akaja kiangazi, vyura wakiwa wachache. Somoe alikwishafagia. Ramla akateremsha spika na maikrofoni, akaamuru kila mtu atoke, mfuniko ufungwe. Akapiga mlio wake. Kisha akatafuta kwenye kompyuta sauti kavu ya mama yake, iliyorekodiwa kabla haijashuka tangini, kwa kuwa alikuwa amehamishia humo kanda zote za zamani. Akaipitisha kwenye tangi jipya la kompyuta. Wakasikiliza.

"Hicho ni choo cha stendi," akasema Mhina.

Ramla hakubisha. Akamwomba mjomba ashuke amwonyeshe. Mhina akashuka, mkono wake wa kulia ukitetemeka kwenye ngazi, akaihamisha maikrofoni hadi nyuma ya nguzo ya mwisho, akaigeuzia ukutani. Akagusa ukuta kwa kiganja, akairudisha nyuma kidogo, akasema, "Hapo." Wakapanda. Mlio ukapigwa upya. Safari hii Mwanamkuu alikaribia. Mkia ulikuwa wake. Lakini juu ya mkia kulikuwa na kitu kikali, kama mtu anayekwaruza bati.

Ramla akageuza vitufe vya kwenye kioo. Akapunguza huku, akafupisha kule. Bati likaondoka, na Mwanamkuu akaondoka nalo. Akamrudisha, bati likarudi. Akapiga mlio upya, na upya, hadi macho yakawa mekundu. Mhina alikaa karibu naye amechoka, kichwa kimeinama, kidole juu ya kitufe cha kuongea na tangi. Ramla alipomwambia wajaribu tena, Mhina, bila kufikiri, akabonyeza na kusema, "Somoe, upo?"

Tangi likanyamaza.

Somoe alikuwa jikoni anamenya muhogo. Alisikia jina lake na hakuitika. Swali lile halikuwa la kujibiwa ukiwa jikoni.

"Mjomba, unamwita nani?" Ramla akauliza.

"Mazoea tu. Endelea."

"Nani alikuwa anakaa humo?"

"Mama yako mdogo. Kwa ajili ya vyura."

"Nyimbo zipi?"

"Zote."

Ramla akavua vipokea sauti vya masikioni. "Mjomba, mwili wa mtu unakula sauti. Blanketi linakula. Gunia linakula. Tunalitafuta tangi lenye mtu ndani, na sisi tumelifunga tupu."

Akaenda jikoni, akachuchumaa karibu na sufuria. Somoe alimsikiliza hadi mwisho huku akiendelea kumenya.

"Nimeshuka humo tangu sijaolewa," akasema. "Nimeshuka nikiwa na mimba. Nimeshuka nikiwa na homa, kwa sababu mwenye gitaa alitoka mbali. Magoti haya hayataki tena, Ramla. Mwekeni mtu mwingine."

"Mtu mwingine si wewe, mama mdogo. Mara hii tu. Baada ya hapo litaingizwa maji."

Somoe akatazama muhogo uliobaki. Alikwenda, na baadaye alisema hakwenda kwa ajili ya muziki. Alikwenda ili yaishe. Ramla alimshika kiuno kwenye ngazi, Mhina akamshushia magunia na blanketi. Somoe akaketi katikati ya tangi, kama siku zote, mgongo umejikunja. Mfuniko ukafungwa.

"Somoe, upo?"

"Nipo."

Mlio ukaanza chini kama ngoma, ukampita kifuani, ukapanda, ukampita kichwani, ukawa wa mbu, ukaisha. Somoe hakupumua hadi mkia wote ulipokwisha. Aliufahamu mwisho wake kuliko mtu yeyote. Kisha akangoja wamfungulie, akiwaza kwamba moto wa jikoni umezimika.

Alipopanda, Ramla alikuwa tayari amempitisha mama yake. Na alikuwa Mwanamkuu. Hakukuwa na bati. Aliimba vile alivyokuwa akiimba, kila neno na mkia wake, kana kwamba amekaa chumba cha pili na mlango uko wazi. Ramla alijifunika uso kwa kanga. Mhina alitoka nje, akasimama akilitazama tangi muda mrefu.

Basi kazi ikaisha, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Ramla aliwapelekea sauti ile watu wanaosambaza sauti za namna hiyo kwa wapiga muziki wa dunia nzima. Wakaipenda. Wakasema itatoka, ila iwe na jina, na jina liwe moja na fupi, kwa sababu ndilo litakaloonekana kwenye kioo cha kila mwenye kuitumia. Ramla akawapigia simu mjomba wake na mama yake mdogo. Mhina akasema iitwe Tangi. Ramla akasema matangi yamejaa humo. Mhina akasema iitwe Mkonge. Ramla akasema hakuna mtu wa huko atakayelitamka. Lakini majina ya watu wanayapenda, akasema. Sauti nyingine nzuri zimepewa jina la mtu.

Ramla akasafiri hadi nyumbani ili liamuliwe mbele ya wote. Mama Chausiku alikuwapo, ndiyo maana tunayajua haya.

Mhina akasema, "Tangi ni kweli lilikuwapo kabla yangu. Liliwahi kuimba? Watu walichota maji humo miaka na miaka, hakuna aliyelisikia. Mimi ndiye niliyelitafuta, kwa mikono, bila kitabu. Ile nguzo ya mwisho, ule ukuta, ni mimi. Na juzi mlipokwama mlinishusha nikawawekea tena. Hata huyu binti na kompyuta yake, kabla sijashuka alitoa nini? Mnakumbuka alitoa nini. Jina ni langu."

Ramla akasema, "Mjomba, sikukatai. Lakini ulichokipata kilikuwa kinakufa nawe. Mashine zako zimekufa, tangi linakwenda kujazwa maji, na mkono wako unatetemeka. Nisingekuja, mwakani hapa pangekuwa na bomba na foleni ya ndoo. Kutafuta ni kutafuta, na kuokoa ni kuokoa. Tena nani aliyegundua kwamba mtu yumo ndani ya sauti? Ninyi mlirekodi maisha yenu yote hamkujua."

"Wewe umepiga picha tu," akasema Mhina. "Mpiga picha hasemi uso ni wake."

"Na uso ukizikwa, mjomba, watu wanatazama nini?"

Wote wakamgeukia Somoe, ambaye hakuna aliyetarajia aseme kitu. Yeye mwenyewe hakutarajia. Alikuwa amekuja kukaa tu. Lakini tangu Ramla aliposema watu wa mbali watalitaja jina hilo bila kumjua mwenyewe, alikuwa akishangaa kujikuta analitaka.

Akasema, "Kaka Mhina alitafuta mahali pa kuweka maiki. Ramla alileta kompyuta. Vyote hivyo viko nje ya sauti. Mimi niko ndani. Mkisikiliza ule ukimya, penye lile bati ambalo halipo, huyo ni mimi. Jina langu halijaandikwa popote katika nyimbo zile. Naomba liandikwe hapo."

Mhina akasema taratibu, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "Somoe, hukufanya kitu, mama. Ulikaa. Gunia la mahindi lingefanya kazi hiyo hiyo."

"Inawezekana," akasema Somoe. "Mbona hamkuweka gunia?"

Ramla akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa upande wa sauti tu, mjomba amesema kweli, magunia kadhaa yangekaribia. Kisha akasema kwamba kwa upande wa vyura, gunia lisingefaa. Akaishia hapo, kwa kuwa hakujua mwenyewe alikuwa anamsaidia nani.

Mama Chausiku akajaribu kuwachekesha. "Wapeni vyura. Wao ndio waliomshusha."

Hakuna aliyecheka. Akaendelea, "Basi fikirini itakavyotajwa. Fundi wa Ulaya anamwambia mwenziwe: mwongezee Mhina kidogo hapo. Au: Ramla amezidi. Au: punguza Somoe." Akamtazama Somoe, akaona amekosea. "Samahani, shoga yangu."

"Si kitu," akasema Somoe. "Kupunguzwa nimekuzoea. Angalau wangekuwa wananitaja."

Hawakukubaliana siku ile. Hawakukubaliana siku ya pili. Mhina alisema hataki sauti yake itoke na jina la mtu aliyelala humo. Somoe alisema hakuwahi kulala. Ramla alisema angeweza kuandika jina lake mwenyewe usiku akiwa peke yake, na asingejua mtu, na hakufanya hivyo. Aliwaambia wale watu wangoje.

Tangi liliingizwa maji vuli iliyofuata. Wanawake wanachota hapo hadi leo, na Somoe anachota pamoja nao. Hakuna atakayekaa humo tena, wala hakuna kompyuta itakayolisikiliza tena likiwa kavu. Sauti iko kwa Ramla, imekamilika. Haina jina, na bila jina haitoki.

Mwanamkuu, kama ilivyosemwa, alifariki kabla ya haya. Mhina alifariki mwaka mmoja baada ya hadithi hii kusimuliwa mara ya kwanza, akiwa bado anadai. Mama Chausiku naye ametangulia. Walio hai ni wawili. Ramla yu hai, na anasema ataandika lolote atakaloambiwa na watu wenye haki. Somoe yu hai, na akiulizwa husema la kwake alikwisha kulisema.

Basi ninyi mliosikia, na ambao hamna undugu na yeyote kati yao: yuko aliyelitafuta jibu la tangi hadi akalipata, yuko aliyekaa ndani ya jibu hilo, na yuko aliyelitoa shimoni kabla ya maji. Je, nani alistahili jina?